Wasomi na Wazee: Nani Amwambie Nani?

KUULIZA si ujinga, walisema wahenga. Walilotuachia tulikamilishe wenyewe ni hili: anayeuliza ni nani, na anayeulizwa ni nani? Katika nchi yetu jibu limekuwa lile lile kwa muda mrefu. Msomi huuliza kitabu, kitabu humjibu kwa Kiingereza, kisha yeye huwahutubia wengine. Mkulima huambiwa. Huambiwa na bwana shamba, huambiwa na mwanasiasa, huambiwa na mhubiri, na siku hizi huambiwa hata na simu iliyomo mfukoni mwake.

Ni ajabu basi kwamba kwenye nyanda za juu za Uasin Gishu wanaishi watu ambao jina lao lenyewe ni la mazungumzo. Kalenjin, kwa tafsiri ya karibu, ni "nakwambia". Jina hilo halikutoka kwa mababu wa kale. Lilishika katika miaka ya 1940, pale wanafunzi wa Shule ya Upili ya Alliance walipotambua kwamba Mnandi, Mkipsigis, Mkeiyo na Mtugen husikizana bila mkalimani, na pale mtangazaji wa redio wa wakati wa vita alipozoea kuwaita wasikilizaji wake kwa neno hilo. Mwaka 1948 chama cha Kalenjin Union kiliundwa mjini Eldoret, na katika miaka ya 1950 likatoka gazeti la kila mwezi lenye jina hilo hilo.

Anayedhani kwamba utamaduni ni mzigo uliofungwa na wazee wa zamani, na kwamba kazi yetu ni kuubeba tu bila kuufungua, na atafakari habari hiyo. Jina ambalo leo watu hulipigia kura, na ambalo wengine wamelimwagia damu, lilibuniwa na vijana wa shule na mtangazaji wa redio, na wapo wazee waliozaliwa kabla halijatamkwa kwa maana hiyo.

Katika makala haya tutakaa na baadhi ya wanafikra wa nchi hii, walio hai katika vitabu vyao hata kama wengi wametangulia mbele ya haki, na tutawauliza juu ya siasa, uchumi na mabadiliko ya utamaduni. Hatutakutana nao Nairobi. Tutawakalisha Chepkoilel, yapata kilomita 9 kutoka mjini Eldoret kwa njia ya kwenda Ziwa, mahali ambapo darasa la chuo kikuu limepakana na shamba la mahindi. Tutaona kwamba mambo hayo matatu, ambayo vyuoni yana idara tatu na milango mitatu, huku shambani ni mazungumzo mamoja. Na mada yake ni ardhi.

SHULE YA MASETLA

Chepkoilel haikujengwa kwa ajili ya watoto wa Chepkoilel. Mwaka 1946 masetla wa Kizungu walianzisha hapo kituo cha kuwafunza wakulima wa mashamba makubwa. Wakati huo Mwafrika aliruhusiwa kuwa kibarua katika mashamba hayo. Kuyamiliki hakuruhusiwa. Uwanda huu ulikuwa sehemu ya zile "Nyanda za Wazungu", na tangu mwaka 1908, Makaburu walipofika na magari yao ya ng'ombe kutoka kusini wakiongozwa na Jansen van Rensburg, ardhi ilikuwa imekatwa vipande na kupewa namba. Mji wenyewe wa Eldoret ulisimama juu ya shamba namba 64, na ndiyo maana wazee waliuita Sisibo, matamshi yao ya "sixty-four".

Mwaka 1984 kituo hicho kiligeuzwa kuwa chuo cha walimu wa sayansi. Mwaka 1990 kulitokea msongamano mkubwa: vijana wa mwisho wa kidato cha sita na vijana wa kwanza wa mfumo wa 8-4-4 walibisha hodi katika vyuo vikuu kwa pamoja. Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa mwaka 1984 kule Kesses, kikaichukua Chepkoilel iwe bewa lake la sayansi. Agosti 2010 bewa likapandishwa hadhi kuwa chuo kishiriki, na Februari 2013 likapewa hati ya kujitegemea na jina jipya: Chuo Kikuu cha Eldoret.

Tazama safari hiyo, msomaji. Majengo yaliyowekwa ili kumfunza setla kulima ardhi ya wengine, sasa yanawafunza wajukuu wa vibarua wake. Lakini kubadilisha wanafunzi si sawa na kubadilisha mazungumzo. Je, chuo kilichozaliwa na amri ya kutoka juu kimejifunza kusikiliza walio nje ya lango lake?

WALIOKWENDA KUSIKILIZA

Wapo wanafikra wetu waliotangulia kulijibu swali hilo kwa miguu yao. Wa kwanza ni Prof. Bethwell Ogot, aliyefariki Januari 2025. Alipokuwa akitafiti historia ya Wajaluo, wakubwa wa elimu walishikilia kwamba pasipo maandishi hapana historia. Ogot akaenda kuwauliza wazee, akalinganisha masimulizi ya ukoo huu na ya ukoo ule, akahesabu vizazi, na mwaka 1967 akatoa kitabu chake juu ya historia ya Wajaluo wa kusini. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kusema tena kwa urahisi kwamba Mwafrika hana kumbukumbu. Ni Ogot huyo huyo aliyekuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Moi kuanzia 2003, siku ambazo Chepkoilel ilikuwa bado bewa la chuo hicho.

Wa pili ni hayati Prof. Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyefariki mwaka 1995. Yeye aliuliza swali gumu zaidi. Kumbukumbu tunazo, sawa. Lakini je, tunazo fikra? Je, yupo mzee asiyejua kusoma ambaye hufikiri kwa kupima na kuhoji, kama walivyofanya wanafalsafa wa Uyunani? Kuanzia miaka ya 1970 alizunguka vijijini na wenzake, wakakaa na wazee, wakawauliza juu ya Mungu, kifo, usawa, mali na haki. Mazungumzo hayo yalichapishwa mwaka 1990 katika kitabu juu ya falsafa ya wenye hekima.

Oruka aliwagawa wazee hao mafungu mawili, na mgawanyo huo ndio utakaotuongoza leo. Fungu la kwanza ni la mzee anayeijua mila kikamilifu. Ukimuuliza kwa nini, atakujibu: ndivyo walivyofanya baba zetu. Fungu la pili ni la mzee anayeijua mila vile vile, lakini ameipima akilini mwake na yuko tayari kuikosoa mbele ya watu wake. Paul Mbuya Akoko, mzee wa Kijaluo, alikuwa wa fungu hili. Alisema wazi kwamba watu wake walikosea walipodhani Mungu wao ni mbali na Mungu wa makabila mengine, kwa kuwa ulimwengu unakwenda kwa utaratibu mmoja.

Watu wa fungu la kwanza ni hazina, nao wanakwisha. Yafaa kuandika wanayoyajua kabla hawajatutoka. Hata hivyo, ni watu wa fungu la pili wanaoweza kuongoza jamii inapofika njia panda. Na Uasin Gishu iko njia panda.

SIASA: MANENO YALIYOZUIWA

Tuanze na siasa. Mwaka 1992 Odera Oruka alichapisha mazungumzo yake na Jaramogi Oginga Odinga, akimchukulia mwanasiasa huyo kuwa mwenye hekima wa kuhojiwa juu ya falsafa na imani yake. Miaka 25 kabla ya hapo, katika kitabu chake cha 1967, Jaramogi alikuwa amekwisha kusema kwamba uhuru kamili ulikuwa bado haujafika. Hoja yake kuu ilikuwa ardhi na utajiri: bendera imebadilika, lakini wenye kuketi mezani ni wachache.

Katika nchi ya Wanandi, hoja hiyo ilipata sauti nyingine. Bw. Jean-Marie Seroney, mwanasheria na mbunge, alitoa Azimio la Nandi Hills mwaka 1969, akidai kwamba ardhi iliyoachwa na wakoloni katika nchi ya Wanandi ni ya Wanandi. Alishtakiwa kwa uchochezi. Oktoba 1975, akiwa Naibu wa Spika, aliunga mkono kauli ya Bw. Martin Shikuku kwamba chama cha KANU kimekufa, akisema jambo lililo wazi halihitaji ushahidi. Wote wawili waliwekwa kizuizini.

Sasa tupime, kama Oruka alivyotufundisha. Seroney wa Bunge alikuwa anatetea haki ya kila Mkenya kusema. Seroney wa azimio alikuwa anaijibu dhuluma ya kweli, kwa maana watu wake walinyang'anywa malisho na mkoloni na kisha wakaona mashamba hayo yakiuzwa kwa wenye fedha. Lakini dai lake liliiweka ardhi ndani ya ua wa kabila, na ua huo una matatizo yake. Hata jina Uasin Gishu ni la Wamasai, walioilisha mifugo yao hapo kabla ya kushindwa katika vita vya karne ya 19. Tukirudi nyuma kumtafuta mwenyeji wa kwanza, tutaishia wapi?

Hilo lilikuwa swali la kuzungumzwa mchana kweupe, katika Bunge na katika baraza. Halikuzungumzwa. Mwenye kulitaja alipelekwa kizuizini, naye anayenyamaza huwa hajasahau. Oktoba 1991 mapigano ya kikabila yalianza katika shamba la Meteitei huko Tinderet, jimbo ambalo Seroney aliwahi kuliwakilisha, katika shamba lililonunuliwa kwa hisa na watu wa makabila mbalimbali. Mwaka 1992 moto ukafika Burnt Forest. Na tarehe 1 Januari 2008, baada ya uchaguzi uliozozaniwa, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa moto likiwa na watu ndani, wengi wao wanawake na watoto waliokimbilia humo kujisitiri.

Kwa hiyo anayesema mazungumzo ya wanafikra ni anasa ya watu walioshiba, na aulize Kiambaa. Neno lililokatazwa kwa miaka 40 lilirudi likiwa limebeba kiberiti.

UCHUMI: GUNIA NA KIPANDE

Tugeukie uchumi. Mwaka 1965 Serikali iliweka mbele ya Bunge Waraka Nambari 10 juu ya Ujamaa wa Kiafrika, ulioandaliwa chini ya Bw. Tom Mboya. Waraka ulisema fedha za maendeleo zielekezwe kwanza mahali zitakapozaa haraka: penye ardhi nzuri, mvua, barabara, na watu walio tayari kupokea maendeleo. Uasin Gishu ilikuwa na hivyo vyote, kwa kuwa setla alikwisha kujijengea. Kwingineko kuliambiwa kungoje.

Mwaka ule ule mwanauchumi kijana, Barack Obama, ambaye mwanawe alikuja kuwa Rais wa Marekani, aliujibu waraka huo katika jarida la East Africa Journal. Aliuliza ujamaa gani huu usiogusa suala la nani anamiliki nini. Alitilia shaka haraka ya kumpa kila mtu hatimiliki yake peke yake, akapendekeza kwamba umoja wa ukoo ungeweza kulima kwa ushirika na kupata zaidi. Hakusikizwa, na baadaye alipata taabu kazini kwa ulimi wake.

Leo twaweza kuupima ubishi huo kwa macho. Mpango wa Ekari Milioni Moja, ulioanza 1962, uliwapa ardhi watu wa familia zipatazo 35,000 katika yale yaliyokuwa mashamba ya Wazungu. Lilikuwa jambo kubwa, wala si haki kulidharau. Lakini shamba lililonunuliwa na baba mmoja liligawiwa wanawe, na wanawe wakawagawia wao. Penye trekta la setla sasa pana seng'enge tano, na kila seng'enge ina mahindi yake, ng'ombe wake wawili, na kijana wake anayengoja zamu. Mwenye ekari 2 hununua mbolea kwa bei ya rejareja na kuuza gunia lake kwa bei ya dalali. Aliye na mia hungojea bei ipande.

Kijana akasema: basi nitafanya kazi mjini. Eldoret ilikuwa na viwanda vya nguo vilivyotajwa nchi nzima. Kimojawapo, Rivatex, kilianza mwaka 1976. Milango ya biashara ilipofunguliwa katika miaka ya 1990 na mitumba ikamiminika, kiwanda hicho kilidhoofika kikafungwa. Chuo Kikuu cha Moi kilikichukua mwaka 2007, na mwaka 2019 kikazinduliwa upya kwa mitambo ya kisasa. Chuo kuwa mwenye kiwanda ni jambo la kutia moyo. Lakini mkulima wa pamba hatalima kwa kutiwa moyo. Atalima akiona bei.

Hapa inafaa tutaje mfano mmoja wa msomi aliyemsikiliza mkulima vizuri, nao ulitokea Chepkoilel. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wanasayansi wa udongo wa bewa hilo, miongoni mwao Prof. Robert Okalebo, waliona kwamba katika magharibi ya Kenya mkulima mdogo hana fedha za kununua mfuko mzima wa mbolea, na tena shamba lake halijachoka lote. Limechoka vipande vipande. Wakatengeneza kifurushi walichokiita PREP-PAC: kilo 2 za fosfeti iliyosagwa kutoka Minjingu, Tanzania, pamoja na urea kidogo, mbegu za jamii ya kunde na dawa ya vijidudu vya kusaidia mizizi yake. Kifurushi kimoja kilitosha kipande cha mita 5 kwa 5. Mkulima alianza na pale palipokuwa pameota manjano, akaona, kisha akaamua mwenyewe.

Udogo wa kifurushi hicho ndio hekima yake. Aliyekipima kwa mita 5 alikuwa amekwisha kukaa na mtu asiye na fedha ya mita 50. Hayo ndiyo mazungumzo tunayoyataka: mkulima ametoa swali, msomi ametoa kipimo.

UTAMADUNI: BINTI NA HATIMILIKI

Mwaka 1986 vilitoka vitabu viwili vilivyotikisa mjadala wa utamaduni wetu. Katika kimoja, Prof. Ali Mazrui wa Mombasa alieleza kwamba Mwafrika ana urithi wa aina tatu: wa jadi, wa Kiislamu na wa Kimagharibi. Katika cha pili, Ngugi wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, alishikilia kwamba akili haiwezi kuwa huru ikiwa inafikiri kwa lugha ya aliyeitawala, naye akaaga kuandika vitabu vyake kwa Kiingereza.

Tuwaulize wote wawili huku tumekaa Chepkoilel. Hesabu ya Mazrui inasimama vizuri kule pwani. Huku nyanda za juu uzani wake ni mwingine. Hapa mirathi mikubwa ni ng'ombe, Biblia na seng'enge. Ngugi naye ana haki kwamba lugha ni lango. Utafiti juu ya udongo wa Uasin Gishu ukiandikwa kwa lugha ambayo mwenye udongo haisomi, umehifadhiwa na hasa umefichwa. Lakini lugha pekee haitoshi. Mzee wa fungu la kwanza anaweza kutumia lugha safi ya mama kumnyima binti yake haki.

Na hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha jambo. Katika baraza nyingi za nyanda hizi husemwa: mila yetu haimpi binti ardhi, kwa sababu ataolewa. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufaa iliyoketi Eldoret iliamua kesi ya familia moja iliyokuwa na shamba la ekari 192. Katika mahakama ya chini, mabinti walikuwa wamepewa sehemu ndogo kuliko ya ndugu zao wa kiume, na moja ya sababu ilikuwa kwamba wanaweza kuolewa. Majaji wa rufaa walikataa. Wakasema hiyo ni ubaguzi, wakaitazama Katiba pamoja na mikataba ya kimataifa ambayo Kenya iliisaini, wakaamua kwamba kuolewa kesho hakuwezi kuwa sababu ya kupunjwa leo. Hukumu hiyo ilisomwa na wanasheria kote nchini, na Katiba ya 2010 ilikuja kuagiza kwamba ubaguzi wa kijinsia katika sheria na mila za ardhi uondolewe.

Wengi walinung'unika kwamba mahakama imevunja mila. Tujiulize kwa utulivu: mila ipi? Mababu wa Wanandi hawakuwa na hatimiliki. Karatasi ile ililetwa na serikali, ikaandikwa jina la mwanamume mmoja. Mtafiti Regine Smith Oboler, aliyeishi na Wanandi na kuandika juu yao mwaka 1985, alionyesha kwamba hapo zamani kila mke alikuwa na nyumba yake, na ng'ombe waliotengewa nyumba hiyo mume hakuweza kuwachukua kwa nyumba nyingine apendavyo. Uchumi wa kikoloni ndio uliozidi kuikusanya mali mkononi mwa mume. Isitoshe, mila yenyewe ilikuwa na mlango: mwanamke asiye na mtoto wa kiume aliruhusiwa kuoa mwanamke mwenzake kwa kulipa mahari, na watoto waliozaliwa wakairithi nyumba yake. Wazee waliobuni njia hiyo walikuwa wameona tatizo, wakalizungumza, wakalitatua.

Basi anayemnyima binti hatimiliki kwa jina la mila anatumia karatasi ya juzi kwa jina la babu wa jana. Hali nayo imebadilika mbele ya macho yetu. Mwaka 2008 Pamela Jelimo, binti wa Nandi, alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kupata dhahabu ya Olimpiki. Wako mabinti wengi wa nyanda hizi ambao miguu yao imewanunulia wazazi ardhi na kuwajengea nyumba. Yupo baba gani atakayemwambia binti huyo kwamba anaweza kulinunua shamba la ukoo lakini hawezi kulirithi?

HOFU YA WAZEE ISIDHARAULIWE

Ni haki tuisikilize hoja ya upande wa pili, maana mazungumzo ya upande mmoja ni hotuba. Wazee wengi wanaogopa kwamba binti akirithi na kuolewa mbali, ardhi itaingia mkononi mwa ukoo mwingine, au kabila lingine, na ndugu zake watabaki na vipande visivyotosha hata boma. Hofu hiyo haikutokana na ujinga. Ni hofu ya mtu ambaye babu yake alinyang'anywa ardhi mara moja, na ambaye ekari zake zinapungua kila mazishi yanapopita.

Lakini ukiifuata hofu hiyo hadi mwisho wake, utaona kwamba ni ile ile ya Meteitei na Burnt Forest: mgeni ataichukua ardhi yetu. Mlangoni mwa nyumba mgeni ni binti. Mlangoni mwa kijiji mgeni ni jirani. Si ajabu kwamba Jaji Philip Waki, mmoja wa majaji walioamua kesi ile ya 2005, ndiye aliyeongoza tume ya kuchunguza ghasia za baada ya uchaguzi, iliyotoa ripoti yake Oktoba 2008 na kutaja malalamiko ya ardhi miongoni mwa mizizi ya ghasia hizo. Mtu mmoja alipewa mafaili mawili. Kwa kweli lilikuwa faili moja.

Na dawa ya hofu ya ardhi kupungua haiwezi kuwa kumpunguza binti. Ndugu watano wa kiume wakigawana ekari 10, kila mmoja atapata 2, na dada yao hayumo katika hesabu hiyo hata kidogo. Tatizo ni kukata. Hapa ndipo swali la Obama wa 1965 linaporudi likiwa na nguvu mpya: je, familia zisizoweza kuishi kwa vipande haziwezi kulima pamoja, kununua mbolea pamoja na kuuza pamoja, kila mrithi wa kiume na wa kike akiwa na hisa yake?

TURUDI KOKWET, LAKINI TUIPANUE

Wanandi wa zamani walikuwa na kokwet, baraza la ujirani. Watu walikaa chini ya mti, kila mwenye neno akalisema, na jambo halikuisha mpaka makubaliano yapatikane. Hakuna chuo kikuu kilichobuni njia bora kuliko hiyo ya kupima hoja. Kasoro yake ni kwamba lilikuwa baraza la wanaume. Msomi wa leo akienda huko kuandika tu wanayosema wazee, atakuwa amewavika taji wale wale waliokuwa nalo. Kazi yake ni kuuliza pia nani hajaketi hapa, na kwa nini.

Yapo mambo yanayowezekana bila kungoja bajeti kubwa. Chuo kilichoko Chepkoilel kina wanasayansi wa udongo, mifugo, mazingira na uchumi. Kila utafiti unaofanywa katika shamba la mtu na urudi kwa mtu huyo kwa Kiswahili au kwa Kikalenjin, kurasa mbili zikitosha, kabla haujapelekwa katika jarida la ng'ambo. Kila mwaka wakulima wa pande zote, wa makabila yote, wazee kwa vijana, wake kwa waume, waitwe kuwahoji maprofesa hadharani, na swali la kwanza liwe lao. Na suala la urithi wa ardhi litolewe kwenye chumba cha wakili, ambako hufika mzazi akiwa amekwisha kuzikwa, lizungumzwe yeye akiwa hai na watoto wake wote wakiwa wameketi.

Jina la watu wa nyanda hizi limekwisha kutupa nusu ya mazungumzo: nakwambia. Nusu iliyobaki ni fupi vile vile, nayo ndiyo wanasiasa, wasomi na wazee wetu wameichelewesha kwa muda mrefu. Ni neno la mtu anayenyamaza kidogo, akamgeukia aliye kando yake, akasema: na wewe niambie.